Mafuta ya Andazi

Mwamini hakulimaliza andazi lake. Kipande cha gazeti alichofungiwa kilikuwa na maneno aliyoyasaka muhula mzima: shindano la insha kwa wanafunzi wa sekondari, mshindi atasomeshwa mpaka amalize. Shuleni kwao matangazo ya namna hiyo hayakufika, na kesho alikuwa anarudishwa nyumbani moja kwa moja kwa kukosa ada. Ila tarehe ya mwisho ilikuwa imechanwa.

Akarudi mbio kwa muuza maandazi.

"Mama, nusu ya pili ya gazeti hili iko wapi?"

"Mwanangu, mimi nachana, nafunga, nauza. Nitaikumbuka ipi?"

"Nakuomba, mama. Nakusihi."

Mama akamtazama usoni, akaacha kukaanga. Akamwonyesha kwa mwiko fundi cherehani wa jirani, aliyekuwa akijifuta mikono kwa karatasi. Mwamini akampokonya hata salamu asimpe, akapiga magoti barazani na kuunganisha vipande. Vikakutana.

Tarehe ilikuwepo, katikati ya doa la mafuta. Maandishi ya upande wa nyuma, tangazo la tanzia, yalipenya na kuchanganyika nayo. Akaiinua juani. Mara ilisomeka tatu, mara kumi na tatu. Leo ilikuwa kumi.

"Gazeti lenyewe la mwaka huu?" fundi akauliza.

Mwaka ulikuwa pembeni juu, chini ya kidole gumba cha Mwamini. Hakukiondoa. Kwa mkono wa pili akaanza kupapasa mfukoni, akitafuta kalamu.