Wening Asaini Mpango Mpya

"Dada Wening, shahada yako ya uzamili ya volkano imepangwa upya," karani alisema. "Ukibaki kwenye mpango wa zamani, unahitimu Agosti. Ukihamia mpya, unaongeza mwaka, na hakuna kurudi."

"Huo mpya una nini?"

"Miezi sita mlimani Merapi, kwenye volkano hai. Vitabu vichache, majivu mengi."

"Hayo majivu ndiyo niliyoyafuata."

Wening aliramba stempu ya serikali, akaibandika kwenye fomu ya kuhamia. Ulimi ukabaki na ladha ya gundi. Akasaini, nusu ya jina juu ya stempu, nusu juu ya karatasi.

Hapo hapo akampigia mama yake.

"Mama, fundi cherehani ameshakata kebaya yangu, ile blauzi ya mahafali?"

"Anakata kesho. Kwani vipi?"

"Mwambie asubiri. Mlima utanikondesha."