Gari Lisilokata Kona

"Émérance, acha! Unaharibu gari!"

Émérance hakuacha. Alikitandaza kitambaa cha kaboni juu ya kalibu ya sakafu ya gari, nyuzi zote zikielekea upande mmoja, kutoka mbele hadi nyuma, akakipaka gundi kwa brashi.

Julien alimtazama kutoka pembeni, damu ikimchemka. Yeye ndiye aliyelichora gari hilo la mashindano ya wanafunzi. Yeye ndiye aliyebisha maofisini miaka mitatu mpaka jora la kitambaa hicho likafika Goma. Jora moja tu. Na gundi ile ikishakauka imekauka. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Nilisema mshazari! Nyuzi zikatane, ingine huku, ingine kule. Ukizilaza zote kwa urefu, ku virage, ku kila kona, gari itajisokota sawa nguo ya kukamua."

"Haitakata virage," Émérance alijibu bila kuinua kichwa.

"Gari ya mashindano haikate virage? Uko na akili kweli?"

Mizinga ilinguruma upande wa Sake. Tangu asubuhi mtaa mzima wa Majengo ulikuwa ukihama, magodoro vichwani, na Julien hakutaka hata kuisikia habari hiyo. Ilikuwa siku ya tano hajatoka karakanani. Wenzake walimletea chakula humo humo, wakambembeleza kwa zamu, naye akawapa jibu lile lile: waende wao, yeye atabaki na gari lake. Ubishi wake walikuwa wameuzoea.

"Uko na kilo ngapi?" Émérance aliuliza.

"Quatre-vingt-un, themanini na moja. Lakini dereva ni Lévi, na Lévi iko na hamsini na tano tu!"

"Najua." Akaongeza tabaka lingine. Kwa urefu tena.

Julien alimrushia kikombe. Kikampata begani. Émérance alifuta machozi kwa kiwiko, akachovya brashi, akaendelea kupaka. Hapo Julien akajua hana la kufanya. Miaka mitatu inateketezwa mbele ya macho yake, na yeye anatazama tu! Akalia kwa sauti, mwanaume mzima, na hakuona haya.

Saa nane mchana gundi ilikuwa imekauka. Lévi akaingia na kaka zake wawili, wamebeba miti miwili mirefu ya mikaratusi. Magurudumu hawakuyagusa. Waliifunga sakafu ile juu ya miti kwa kamba, wakaiegemeza kwenye matofali huku na huku, kisha Lévi akapanda katikati, akarukaruka. Haikubonyea.

"Ni muzuri," Émérance alisema. "Muganga alikataza mugongo isipindame hata kidogo."

Wote wanne wakapiga magoti kando ya godoro ambalo Julien hakuweza kuinuka juu yake tangu bomu la sokoni limvunje mgongo, wakaingiza mikono chini ya mwili wake, wakahesabu pamoja: un, deux, trois.