Mwiba wa Kitwana

Walikuwepo Ngiri, mkuu wa bonde. Nungunungu, mshauri wake. Digidigi mjane, na mwanawe Kitwana aliyechomwa na mwiba mguuni. Na Korongo, mkaguzi aliyetumwa na mabonde yote kuangalia haki za watoto.

Kabla Korongo hajatua, Ngiri alimficha Kitwana kichakani. "Mama Kitwana," alimwambia Digidigi, "mtoto anayechechemea atatuaibisha mbele ya mgeni. Akishaondoka, tutamtafutia dawa."

"Mguu umevimba mpaka pajani, mzee wangu."

"Basi mwambie asilie," akasema Nungunungu. "Kulia si haki ya mtoto, ni ukosefu wa adabu."

Kitwana hakulia. Korongo akazunguka, akawaona watoto waliooshwa na kushiba, akalisifu bonde. Alipokuwa tayari kuruka alisema, "Mzee Ngiri, sikuja kutafuta bonde lisilo na mgonjwa. Mdomo huu mrefu ni wa kung'olea miiba. Hakuna hata mtoto mmoja anayeumia?"

Digidigi akamtazama Ngiri, akangoja, kwa kuwa bondeni humo mgeni hujibiwa na mkuu peke yake. Ngiri alijua kwamba akimtaja Kitwana sasa, wote watajua kuwa alimficha.

"Hakuna, bibi," alijibu, macho chini.

Korongo akaruka. Haya ilimshika Ngiri hata akamkimbilia mwenyewe mpaka mtoni, akiita, lakini mwenye mbawa hafukuzwi kwa miguu.

Kitwana alikufa kesho yake asubuhi.