Chupa za Makaburini

Jumatatu, tarehe 9 Februari 1953, Eino Lahtinen alifika kwenye geti la hospitali ya vichaa, kaskazini mwa Michigan, akiwa na mkate aliomwokea mkewe, Impi. Mlinzi akamwambia, bila hata kutoka kibandani, kwamba Impi amekufa wiki iliyopita na ameshazikwa. Wapi? Huko mlimani, na wenzake.

Huko mlimani hapakuwa na jina hata moja. Vyuma tu vimechomekwa ardhini, kila kimoja na namba yake. Eino akaomba namba ya mkewe. Karani akamtuma kwa daktari, daktari akasema hiyo ni siri ya jimbo. Hao hao ndio waliomchukua Impi, eti alimlilia kupita kiasi mtoto wake aliyekufa. Mtu akishavaa tai, hata maiti ya mkeo ni mali yake.

Theluji ilipoyeyuka, Eino akachemsha maji ya kimea, akayajaza kwenye chupa, akafunga midomo kwa vitambaa vyepesi na kamba nyeupe. Impi alitega chachu ya pombe, ile inayopeperuka hewani, hivyo hivyo, chini ya mtufaha nyuma ya nyumba. Chupa za wengine zilitoa siki au ukungu. Yake ilinukia karafuu, na hakuna aliyeweza kuiiga. Alikuwa na tabia ya kuchovya kidole na kuonja, na wanawake wa kanisa la Kifini walimtania kwamba chachu yake inalala chini ya kucha.

Eino hakuona utani hapo. Kila kaburi lipate chupa yake. Itakayonukia karafuu, hapo atasimamisha msalaba.

Urho, kaka yake Impi, alichochea matanuri ya hospitali, kwa hiyo aliweza kupita na mkokoteni bila kuulizwa.

"Shemeji, utamtafuta dada yangu kwa pua, kama mbwa?"

Lakini alizipeleka. Siku zilipotimia akazirudisha, ameziandika kwa chaki namba za vyuma.

Eino akafungua moja moja mezani, akizirusha kamba pembeni. Siki. Ukungu. Siki tena. Zilikuwa zinaisha.

Ya mwisho ilijaa povu. Jiko zima likanukia karafuu, kana kwamba mtu amepita nyuma yake. Akaigeuza huku na huku. Haikuwa na namba.

"Hii ya kaburi gani?"

Urho hakumtazama usoni. "Hiyo haikufika makaburini, shemeji. Niliisahau kwenye dirisha la wodi ya wanawake, pale penye nondo."

Eino akaangalia kamba alizozitupa. Juu yake, wa mwisho kutupwa, ulilala uzi wa kijivu, umechomolewa kwenye blanketi la hospitali.

Nani aliifungua chupa ile, akaifunga tena?