Mguu wa Nyota

Mchezaji kutoka Cape Town alisali alasiri pembeni yangu, na wakati wa kukaa alinyoosha mguu wa kulia mbele yake, ukanyooka kama rula.

Nilipotoa salamu nikauona. Akauvuta upesi kwa mikono miwili.

"Umekufa ganzi tu, mzee wangu," akasema. Sikuwa nimemuuliza.

Nje ya msikiti, hapa mtaani Fordsburg, tajiri wa timu alitungoja na karatasi. Ilibaki saini yangu, kocha, ili tumpate nyota huyu na klabu yake imchukue Naseeb, kijana wa miaka ishirini niliyemfundisha mpira wa kikapu tangu hajui hata kuudunda.

"Mzee, mwaka wa tatu huu unatuambia tusubiri vijana wakomae," tajiri alisema. "Tunafungwa tu."

"Acha nisome kwanza."

"Eish, utasoma mpaka magharibi."

Kusoma nilijifunza ukubwani, katika masomo ya jioni, kwa hiyo siruki mstari. Karatasi ilisema afya ya nyota ni kamili. Nikamtazama tena mwenye afya. Uzito wote alikuwa ameuweka kwenye mguu wa kushoto.

"Tukasainie kwenye chai," nikasema, nikaonyesha mgahawa wa ghorofani.

Tajiri akatangulia kupanda. Nyota akazitazama ngazi, akashika chuma cha pembeni, akakiachia.

"Tusaini hapa hapa chini," akasema.

Tajiri akasimama ngazi ya nne, akageuka.

"Panda kwanza, ndugu yangu."