Buyu la Lakot

Nyumba ya Acayo ilijaa watu mpaka mlangoni. Mwalimu alisoma kwa sauti kutoka ensaiklopidia mpya: "Ajwaka ni mganga wa Kiacholi anayepandwa na mizimu. Anayesifika zaidi ni Acayo." Vigelegele vikapasuka.

"Na wewe uliyemfundisha, Mama Lakot, mbona humo?" jirani alichokoza.

"Labda wino uliwaishia, mwanangu," alijibu Lakot, akitabasamu kwa meno tu.

Kitabu kikamfikia. Pichani Acayo alishika buyu la kuitia mizimu, lile Lakot alilomwazima siku ya kupigwa picha.

Lakot akalitoa buyu lake kwenye kanga, akalitikisa mara moja. Acayo akaacha kucheka. Mabega yakaanza kumtetemeka, na nyumba nzima ikakipa kitabu kisogo.