Nguchiro na Yai la Kanga

Paliondokea Nguchiro, mama wa watoto watatu wenye njaa, na chakula chao kilikuwa yai moja la kanga, gumu kama kokoto. Alilishika kwa mikono, akaligeuzia jiwe kubwa mgongo ili alirushe yai nyuma katikati ya miguu yake, lipasukie jiweni, kama ilivyo desturi ya kwao.

"Haya huna?" Fungo akafoka, yule anayejisifia adabu msitu mzima. "Unakipa chakula kisogo mbele ya watoto! Lete hapa. Atakayelipasua kwa heshima ndiye atakayelila."

Nguchiro akampa, maana alilijua ganda la kanga.

Fungo akaling'ata, meno yakateleza. Akalirusha mbele kwa madaha, likadunda nyasini, zima. Akaligonga kwa paji la uso mpaka machozi yakamtoka.

"Naona heshima imekwisha, yai bado," Nguchiro akasema. Akalichukua, akainama, akalirusha nyuma. Paa! Watoto wakaramba ute mpaka ganda likang'aa.

"Nani alikufundisha utovu huu wa adabu?" Fungo akauliza, akimeza mate.

"Mama yangu," Nguchiro akajibu, kifua mbele. "Alinipa mgongo ili nione vizuri."